Picha ya Thelathini na Sita

Jumapili, saa sita na dakika arobaini mchana, mtalii mmoja mwanamke alipenyeza simu kwenye upenyo wa geti la nyumba ya buluu, akapiga picha, kisha akaitazama. Hapo ndipo alipopiga ukelele. Macho yake yalikuwa bado hayajaona kitu. Simu ndiyo iliyotangulia kuona.

Uani, chali juu ya saruji, alilala Joris Claes, Mbelgiji wa miaka ishirini na tisa, aliyekuwa akizunguka Bo-Kaap, mtaa wa nyumba za rangi, tangu mwanzo wa Januari akipiga picha za kitabu. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa bapa, kimo cha ghorofa moja.

Sajini Wardah Kamedien alifika saa saba na dakika tano. Hakuhitaji kuelekezwa. Alizaliwa mlango wa tatu kupanda kutoka nyumba ile, na alipokuwa mdogo bibi mwenye nyumba alikuwa akimtuma limau. Sasa bibi yule ni marehemu, nyumba tupu, na ufunguo anao kaka wa bibi huyo, Haji Sedick Manuel, jirani wa ukuta mmoja.

Mwenzake kazini, Sajini Tshidiso Moloi, mtu wa Free State, alichuchumaa kando ya maiti.

"Daktari anasema amekufa kati ya saa mbili na saa nne asubuhi," alisema. "Shingoni ana mchubuko wa mkanda. Mkanda wa kamera. Lakini kamera yenyewe haipo."

"Mwizi?"

"Mwizi gani anaacha pochi? Tazama." Alitoa mfukoni mwa marehemu pochi iliyojaa, na kikopo kidogo cheusi cha plastiki. "Filamu. Kijana wa siku hizi anapiga kwa filamu! Nilidhani zimekufa pamoja na babu yangu."

"Hii imeshapigwa yote, imezungushwa," Wardah alisema. "Kuna studio moja mjini bado wanasafisha. Ipelekwe kesho asubuhi."

Kabla ya kutoka aliona kitu kingine: vigingi viwili vya mbao vimepigwa kwenye udongo wa bustani, vimefungwa utepe mwekundu. Moloi alisema ni vya mtunza bustani. Wardah aliviandika kwenye daftari, akaendelea.

Nje, mtaa mzima ulikuwa barazani. Haji Sedick alisimama mbele yao, kofia nyekundu kichwani, mkono kifuani. Huyu ndiye mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Ndiye aliyewafundisha wote, Wardah akiwemo, kusoma Alif mpaka Yaa. Ndiye aliyelala barabarani mbele ya tingatinga la wajenzi akasema atakayewauzia wageni nyumba asimpe mkono.

"Mwanangu, msiba gani huu," alisema. "Ufunguo nilimpa mimi, Ijumaa, apige milima kutoka juu. Mara ya mwisho kumwona ni jana, saa kumi na moja jioni. Alikuja kwangu akitetemeka, baada ya ule ugomvi. Nikamtuliza, akanipiga picha barazani, akaenda zake."

"Ugomvi gani, Haji?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Kanalla, tafadhali, usinilazimishe. Ni jirani."

Hakulazimishwa sana. Ugomvi ulikuwa na Toyer Jakoet, fundi wa kupaka rangi. Jumamosi saa kumi alimkuta Joris amekaa kwenye baraza lake akitega kamera, akamfokea mbele ya mtaa mzima: "Ondoka, la sivyo nitakurusha kutoka paa mimi mwenyewe!" Na Toyer alikuwa na ufunguo wa nyumba ya buluu, maana alipewa kazi ya kuipaka. Na Toyer alishawahi kufungwa miaka miwili kwa kumvunja mtu taya.

Saa kumi jioni, Jumapili ileile, Toyer alikuwa kituoni.

"Boeta Toyer," Wardah alianza, kwa heshima ya kaka, "asubuhi, saa mbili mpaka saa nne, ulikuwa wapi?"

"Makaburini. Kwa mama."

"Nani alikuona?"

"Mama."

Moloi alikohoa. Wardah hakucheka.

"Mkeo anasema ulikuwa nyumbani."

Toyer alifumba macho. "Faldiela naye! Amesemaje?"

Wardah alisoma: "'Nilikuwa nakaanga koesister, maandazi yetu ya viungo, tangu alfajiri kama kila Jumapili, na mume wangu alikuwa ubavuni pangu akizichovya kwenye shira, mpaka saa nne.'"

"Mimi na shira wapi na wapi? Miaka ishirini na sita ya ndoa sijashika hata mwiko. Anadhani ananiokoa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sikiliza, Wardah, mtoto wa Gabieba. Nina mdomo mchafu, najua. Watu wanakalia baraza langu, wanambadilishia binti yangu nguo alizoanika ili rangi zipatane na ukuta. Nikapandisha hasira. Lakini kumwua? Asubuhi nilikwenda kwa mama kwa sababu niliona haya kwa nilivyosema."

"Ile nyumba ya buluu, nani aliweka vigingi bustanini?"

"Vigingi?" Alishangaa kweli. "Vyenye utepe? Hivyo ni vya kupimia ujenzi. Havikuwepo Ijumaa, nilikuwa pale nikikwangua ukuta. Na nani atapima, pale ni kwa Haji! Haji angemla mtu mzima mzima."

Mume na mke wamepingana, tishio limesikiwa na mtaa mzima, ufunguo anao. Mkuu wa kituo alisoma karatasi zile dakika tano tu. Jumanne saa tatu asubuhi Toyer angesimama mbele ya hakimu, na kwa rekodi yake asingepewa dhamana. Angesubiri kesi gerezani, mwaka, pengine miwili. Faldiela alikaa kwenye benchi la kituo mpaka akaondolewa kwa kushikwa mkono.

Jumatatu, saa tisa alasiri, picha zilikuja kutoka studio, thelathini na sita, zikiwa zimeandikwa namba kwa mpangilio wa filamu. Wardah alizitandaza mezani. Kuta za rangi ya waridi na njano. Paka. Mlima umejifunika wingu lake la kiangazi. Ya thelathini na tatu: Toyer, mdomo wazi, kidole juu. Mbili zilizofuata: njia ya mawe, tupu. Ya thelathini na sita, ya mwisho: Haji Sedick kwenye baraza lake, anatabasamu, na pembeni, juu ya ukuta mfupi, sahani imefunikwa nusu kwa kitambaa.

"Mzee hakudanganya," Moloi alisema. "Ugomvi kwanza, kisha picha yake. Inalingana." Aliinama karibu. "Hivi vidude vya kwenye sahani ni nini? Vina nazi juu. Sijala tangu asubuhi."

"Koesister."

"Twende tukanunue."

"Leo? Leo hupati, subiri Jum..."

Wardah aliinama juu ya picha, kinywa kikiwa bado wazi. Moloi akadhani ameumwa na kitu.

"Vipi wewe?"

"Jumapili," alisema polepole. "Huku kwetu zinakaangwa Jumapili asubuhi. Jumamosi hakuna. Jumatatu hakuna. Nimezila maisha yangu yote, na nimeitazama hiyo sahani nisiione!"

"Labda ni za Jumapili ya wiki ya nyuma."

"Ugomvi ulikuwa juzi Jumamosi, na ni picha ya thelathini na tatu. Hii ni ya thelathini na sita. Imepigwa jana asubuhi." Alikuwa ameshafika mlangoni; Moloi ndiye aliyeziokota picha.

Walipita kwanza kwa Faldiela. Wardah alimwuliza swali moja tu: jana alipeleka sahani kwa nani, saa ngapi?

"Kwa Haji, kama kila wiki. Saa mbili na nusu. Na yule kijana wa picha alikuwa pale barazani, nikampa moja mkononi. Si nilitaka kukwambia? Lakini niliogopa. Nikisema nilitoka, utajua Toyer hakuwa nami jikoni."

"Tietie, dada yangu, uongo wako ndio uliomfunga mumeo."

Mama yule alikaa chini palepale mlangoni.

Saa kumi na moja walikuwa sebuleni kwa Haji Sedick. Aliwaletea chai mwenyewe.

"Haji, nirudie tu nisikosee," Wardah alisema. "Picha hii ilipigwa lini?"

Mzee alivaa miwani. Alijitazama mwenyewe kwa muda mrefu. "Nimetoka vizuri," alisema. "Jumamosi, mwanangu. Saa kumi na moja."

"Una hakika?"

"Wallahi."

Wardah alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyaga msumari. Kisha akaweka kidole juu ya sahani iliyo pichani.

Mzee alitazama kidole. Akatazama sahani. Akakiweka kikombe chake mezani kwa mikono miwili.

"Faldiela alikuja saa mbili na nusu," Wardah alisema. "Joris alikuwa hapa. Hii ilikuwa picha ya mwisho ya filamu, akaitoa, akaitia mfukoni, akaweka nyingine, akapanda kwenye paa la dada yako. Ile ya pili iko kwenye kamera. Alipiga nini kule juu, Haji? Alimpiga aliyeweka vigingi?"

Moloi alikuwa ameshasogea mlangoni.

"Nilidhani amekwenda zake, nikasahau kuwa nimempa ufunguo," Haji Sedick alisema hatimaye. "Mnunuzi alikuja na mpimaji wake saa tatu kasoro, mtaa bado uko ndani na chai yake. Tukawa uani na ramani. Mara nasikia kutoka juu: 'Haji, tazama huku!' Anacheka. Anapiga."

"Umeuza?"

"Mwanangu yuko ng'ambo, Perth. Kila wiki, baba njoo, baba njoo. Nina miaka sabini na minane, naishi na redio. Nilitaka kwenda. Lakini ningewaambiaje? Nilishalala barabarani mbele yao! Wale walipoondoka nilipanda. Nikamwambia nipe hiyo filamu. Akasema, Haji, ilikuwa mwanga mzuri tu. Hakujua hata amepiga nini. Nikavuta kamera. Akavuta. Mkanda ukakatika, na ule ukuta wa paa ni mfupi, unamfika mtu hapa." Alishika goti. "Kamera ikabaki mkononi mwangu."

"Akafa peke yake juu ya saruji, ukaenda kusali."

"Nilikwenda."

"Hiyo yote naweza kuielewa, Haji. Naweza kusema ni bahati mbaya, na hakimu atasikia. Lakini Boeta Toyer?"

Mzee alivua kofia yake nyekundu, akaiweka juu ya goti, na kwa mara ya kwanza Wardah akaona kichwa chake kilivyo kidogo. "Nilijua watamwamini haraka," alisema. "Yeye wanamjua ni mtu mbaya."

Kamera ilikuwa kabatini, imeviringishwa kwenye kanzu.

Saa moja na robo, jua la kiangazi likiwa bado juu ya kilima, Wardah alifungua mwenyewe mlango wa mahabusu. Toyer alitoka akipepesa macho, akasaini karatasi bila kuisoma.

"Nani?" aliuliza.

Wardah alimwambia yote, kwa sentensi tatu.

Toyer alicheka kwanza. Kisha akamtazama usoni, kicheko kikamwisha. Alirudi nyuma hatua moja, nyingine, mpaka benchi likampiga nyuma ya magoti, akakaa.

"Hapana," alisema. "Chana hiyo karatasi. Nirudishe ndani."

"Boeta, uko huru."

"Nimekwambia nirudishe! Sema ni mimi. Mimi mtaa umenizoea, watasema tulijua tu, wataendelea kuishi. Lakini hilo la Haji, Wardah..." Alimshika mkono wa sare kama mtoto anayezuia mtu asiondoke. "Hilo watalifanyaje?"

Wardah alikaa naye pale benchini, na hakuna aliyeinuka kwenda nyumbani.