Zamu ya Afande

Kuna wanaume wanaomwonea wivu jirani. Kuna wanaomwonea wivu bosi wa mke, fundi cherehani wa mke, hata daktari wa meno wa mke. Abdul-Latif wa Kyebando, muuza spea za pikipiki, mtu wa kilo tisini na sita na kicheko kinachovuka barabara mbili, yeye alimwonea wivu maiti.

Cheka sasa. Mbele huko hutapata nafasi.

Ilianza jioni moja, jua likizama. Mkewe Rukiah alimtuma mkaa. Latif akatoka, akafika kwenye kona, akakumbuka kwamba mkaa haubebwi mfukoni. Akarudi kuchukua gunia. Mlango wa sebule ulikuwa umerudishwa tu. Akaweka mkono kwenye kitasa... ndipo akasikia mkewe akinong'ona.

"Mimi nimeshapiga. Zamu yako, afande."

Afande!

Miaka miwili ya ndoa Rukiah alikuwa amemwita baba, amemwita Latif, na siku za hasira amemwita jina zima mpaka la babu. Afande, hata siku moja. Na utamwitaje afande mtu anayeuza cheni na plagi, ambaye saluti pekee aliyowahi kupigiwa ilitoka kwa mlinzi wa geti aliyekuwa anafukuza nzi?

Akausukuma mlango kwa tumbo.

Hakukuwa na mwanaume. Rukiah alikuwa peke yake kwenye mkeka, padi ya gemu mkononi, mbele ya televisheni ya zamani, ile nene yenye mgongo kama ng'ombe wa Karamoja. Kando yake kulikuwa na kigoda. Kitupu. Kwenye kioo vilisimama vijitu viwili vya vibokisi, vikimkabili mnyama mwenye pembe. Hakuna aliyesogea. Juu ya kichwa cha mmoja paliandikwa RUKIAH. Juu ya mwingine, OKIDI.

"Huyu ndiye afande?" Latif akauliza.

"Ndiye."

"Marehemu?"

"Marehemu, baba. Nenda kalete mkaa."

Dawudi Okidi alikuwa mume wa kwanza wa Rukiah, askari, mtu wa kaskazini mwenye mabega ya kubeba mlango. Lori lilipinduka naye njia ya Gulu, sasa miaka mitano. Aliacha jozi moja ya buti na mashine hii aliyorudi nayo kutoka misheni ya nje. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu, wa wasafiri wanaotembea nchi nzima wakipigana na mazimwi na kuongea na kila mwanakijiji. Mashujaa wake unawapa majina mwenyewe. Dawudi aliandika lake, Rukiah akaandika lake, na kila magharibi wakasafiri pamoja mpaka akafa. Ilibaki ngome moja tu kumaliza.

Tangu jioni ile Latif akaanza vita, na silaha yake ilikuwa mdomo.

"Rukiah, hawa watu hawana hata pua! Na mbona wanasimama tu? Zimwi linakupiga, unasema asante, unangoja zamu. Vita gani hii, kama foleni ya kliniki? Mchezo huu ni mzee kuliko bawasiri ya mjomba wangu!"

Rukiah alikuwa akicheka, lakini padi haiachi.

Latif akanunua mashine mpya, ya kisasa, yenye mpira wa miguu ambao unaona hadi jasho likimtiririka mchezaji shingoni. Rukiah akaicheza siku mbili. Siku ya tatu akaifunika kitambaa, akarudi kwa vijitu vyake visivyo na pua.

"Banange, kwa nini?"

"Huo mpya unanishika mkono kama kipofu," akasema. "Pita hapa, bonyeza hapa, hongera. Huu unaniacha nipotee. Niulize watu njia, niandike kwenye daftari. Na haunikimbizi. Naweza kufikiri mpaka chai ipoe, na bado unaningoja." Akamtazama. "Siku utakayoningoja hivyo wewe, Latif, nitakuita afande."

Neno lile likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Ngome moja tu," Rukiah akaongeza, kwa upole. "Tuliahidiana tutamaliza. Nikimaliza naiweka kwenye boksi. Wallahi."

Mtu mwenye subira angengoja. Lakini Latif alikuwa ameona jambo. Kila zimwi lilipotaka kumpiga RUKIAH, yule OKIDI alikuwa anaruka mbele na kulichukua pigo yeye. Latif akachungulia vidole vya mkewe.

"Hujabonyeza kitu!"

"Huwa anafanya hivyo."

"Yeye mwenyewe?"

"Siku zote alifanya hivyo," Rukiah akasema, na Latif hakujua anazungumzia mchezo au ndoa.

*

Kansanga kuna fundi Mkongomani aitwaye Guerschom, anayefufua redio na mashine za gemu ambazo hata jalala limezikataa. Latif akamwendea, akajifanya anauliza kwa niaba ya rafiki.

"Hivi, fundi, hiyo michezo ya zamani bado inafaa kitu?"

"Muzee!" Guerschom akaweka chini chuma cha kulehemu. "Hii ya sasa, mtandao ikikatika, inakufa. Ile ya zamani itatuzika sisi wote. Iko na hadisi ndani, iko na uchungu. Mimi nalia kila mara pale farasi anakufaka."

"Sawa, sawa. Rafiki yangu anataka kumtoa mtu mmoja ndani."

"Kutoa, hapana. Lakini pale kwa daraja iko muzee moja, anabadilishaka majina. Unamupatia jina mupya, kwisha."

"Na mtu anabaki?"

"Mwili ni ule ule. Jina tu ndiyo inatoka."

Latif akarudi Kyebando akiimba. Mwili ule ule, mabega yale yale, lakini jina LATIF! Mkewe atakaponong'ona tena magharibi, atakuwa ananong'ona na nani? Aliona ni akili kubwa. Wivu ndivyo ulivyo, unakuvalisha joho la digrii kisha unakusukuma mtaroni.

Jumamosi Rukiah akaenda Lubaga kumjulia hali Mama Acan, mama yake Dawudi. Ndiyo, bado alikuwa anamtembelea, bado anamwita mama. Hilo nalo lilikuwa linamchoma Latif, lakini siku hiyo alimpa mpaka nauli.

Adhana ya magharibi ikaisha. Nje mbwa mmoja akabweka, akanyamaza katikati, kama aliyezibwa mdomo. Latif akawasha mashine. Mkeka ulikuwa chini mno kwa mtu wa kilo zake, basi akaketi kwenye kigoda.

Kilikuwa na joto.

Akajiambia ni jua la dirishani. Dirisha lile linaangalia ukuta.

Akawatembeza wale wawili mpaka darajani. Mvua ilikuwa inanyesha ndani ya mchezo, shiii... shiii... na pale kwenye nguzo, mzee mdogo mwenye fimbo, uso wake vibokisi vitatu tu. Maneno yakatokea, moja moja.

Unataka kumbadilisha nani?

OKIDI.

Jina jipya?

L. A. T. I. F.

Jina la mama yake?

Latif akaandika AYESHA. Hakusita hata kidogo. Nani kati yetu angesita? Tangu anaota meno alikuwa anapelekwa kwa waganga na masheikh, kwa tumbo, kwa macho, kwa biashara, na kila mlangoni swali ni lilo hilo: jina lako, na la mama yako. Mdomo wake ulishazoea. Ni baada ya kidole kubonyeza ndipo akamkumbuka marehemu bi Ayesha mwenyewe akimfinya sikio: majina hayo mawili, mwanangu, usimpe pamoja mtu usiyemjua.

Mzee wa darajani akainama.

Asante. Na huyu niliyemvua jina, nimpeleke wapi?

Pakatokea majibu mawili ya kuchagua.

Nyumbani.

Nyumbani.

Latif akacheka. "Waliotengeneza huu walikuwa walevi!" Kicheko kikatoka, kikagonga ukuta, kikarudi chembamba. Akabonyeza.

Kukanyamaza. Hata mvua ya mchezo ikanyamaza.

Kisha ikaja harufu. Polishi ya viatu. Polishi nyeusi, mbichi, kama mtu amepiga brashi buti sasa hivi, chumba hiki hiki.

Na nje, barazani... mtu akafuta miguu kwenye kizulia.

Mara moja.

Mara mbili.

Mara tatu.

"Nani?" Latif akanong'ona. Sauti ikamtoka ndogo, ya mtu wa kilo arobaini.

Kwenye kioo zimwi likaruka kutoka chini ya daraja. ZAMU YA LATIF. Akabonyeza piga, upanga ukapita hewani. ZAMU YA ZIMWI. Pembe zikashuka. Akamwangalia yule RUKIAH mdogo wa vibokisi. Alikuwa amempa mgongo. Hakuna aliyeruka mbele. Wa kuruka mbele alikuwa ameshavuliwa jina.

Pigo likaingia. Uhai wa LATIF ukaanguka, mia tatu themanini... mpaka tisa.

Na mbavu za Abdul-Latif, muuza spea, zikapasuka kwa maumivu. Akaanguka kutoka kigodani. Kinywani akaonja damu. Akautambaia waya wa umeme, kidole kikafika kwenye swichi.

"USIZIME!"

Rukiah alikuwa mlangoni, viatu mkononi, shungi limemwangukia mabegani. Alikuwa ameinusa ile harufu. Akaitazama televisheni, akamtazama mumewe sakafuni, na rangi ikamtoka.

"Umempa jina lako?"

"Nimempa..."

"Na la mama yako?"

"Aliuliza, Rukiah! Mtu akiuliza unajibu!"

Hakumgombeza. Alipiga magoti, akashika padi, akangoja ZAMU YA RUKIAH itokee, na ilikawia, wallahi ilikawia. Akafungua mfuko wa dawa, akamnywesha yule LATIF wa vibokisi chupa nzima. Tisa ikapanda, tisini, mia mbili. Na pumzi ikamrudia mtu wa sakafuni, taratibu, kama tairi linalojazwa kwa pampu ya mkono.

Ndipo Rukiah akauliza, kwa sauti ya chini kabisa.

"Na yeye, Latif? Umempeleka wapi?"

Latif akafungua kinywa kujibu.

Nyuma yao kigoda kikalia, kriii... kama kinavyolia mtu mzito anapoketi. Na wao wote wawili walikuwa kwenye mkeka.

*

Guerschom aliapa kwa vitabu vyote anavyovijua kwamba mchezo ule hauulizi habari za mama wa mtu. "Muzee wa daraja anaulizaka jina moja tu." Wakaenda wote watatu mpaka darajani, yaani kwenye kioo, kumwomba mzee arudishe. Nguzo ilikuwepo, mvua ilikuwepo. Mzee hakuwepo. Labda mashine ilichoka. Labda Latif aliumia mbavu kwa kuanguka tu, na kilo zile zilitosha kumvunja. Lakini ukikaa naye vizuri dukani atakuinulia shati uone alama. Mtu akianguka anapata jeraha la mviringo, sivyo? Lake lina pembe. Ni miraba, midogo, imepangwa kama matofali.

Siku hizi Latif hamchekeshi mtu kuhusu foleni ya kliniki. Magharibi ikifika anafunga duka mbio, anachemsha chai mwenyewe, anauliza mlangoni kwa unyenyekevu, "Rukiah, umeshacheza?" Maana LATIF asipotibiwa kila jioni, tarakimu zinashuka zenyewe, na mbavu zinajua. Vijana wakibishana dukani kama michezo ya zamani bado ina maana, anawaambia ina maana, ina maana kupita kiasi, ila muwape mashujaa majina ya mbuzi.

Na ile ngome ya mwisho? Haiendewi. "Nikimaliza, mchezo unafunga," Rukiah alisema. "Na waliomo ndani, nani atawafungulia?" Basi wanazunguka vijijini, wanaongea na wakulima, hawamalizi.

Latif aliokoka, na bado alikuwa na wivu. Mtu ana alama za zimwi mbavuni, na usiku kinachomnyima usingizi ni lile neno moja. Alijipa moyo kwamba sasa jina lililomo ndani ni lake. Siku moja lazima litamfikia.

Juzi Rukiah akamtuma mkaa tena. Safari hii hakusahau gunia. Alirudi nalo begani, giza likianza kukaza, akafika kwenye mlango uliorudishwa, akaweka mkono kwenye kitasa.

"Mimi nimeshapiga," mkewe alinong'ona ndani. "Zamu yako, afande."

Kifua cha Latif kikajaa. Machozi yakamlengalenga, mtu mzima. Akausukuma mlango polepole.

"Niko hapa, bibi," akasema.

Rukiah hakugeuka.

"Si wewe."

Kigoda kilikuwa kimesogezwa mpaka kwenye goti lake. Padi ilikuwa juu ya kigoda. Mikono yote miwili ya Rukiah ilikuwa imeshika kikombe cha chai... na kwenye kioo, bila kubonyezwa na mtu, LATIF alianza kutembea kuelekea ngomeni.