Nyuzi Kumi na Tatu

Lita mbili za maji ya moto zilipoa kabla Prudencia hajamaliza kuandika jina la pili.

Fomu ya maabara ilitaka majina mawili, maana jaribio la kupima maji yanavyopoa hufanywa na watu wawili. Mwanafunzi mwenzake, Osward, alizama mwezi wa nne akivuka kwenda Kamanga, na ziwa halikumrudisha. Prudencia aliendelea kuliandika jina lake kila Jumatano. Alimpenda, hakuwahi kumwambia.

Na kila Jumatano maji yalishuka kutoka nyuzi tisini hadi ishirini na tano kwa kufumba na kufumbua. Chumba kilinuka tope na dagaa wabichi. Kwenye kiti cha Osward matone yalidondoka: to, to, to.

Wiki ya tano akapiga hesabu. Joto halipotei, likitoka hapa, lipo pale. Alijumlisha joto lote lililotoweka, akaligawa kwa mwili wa kijana wa kilo sabini aliyelala kwenye maji ya ziwa, nyuzi ishirini na nne, akaona kwamba limebaki jaribio moja, moja tu, na mwili huo utafika thelathini na saba, joto la mtu aliye hai, na kalamu ikamponyoka, kwa sababu moyo wake, badala ya kuogopa, ulifurahi.

Mzee Masele, fundi wa maabara, alimkuta analia na kuongea peke yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unaongea na nani humu?"

"Osward. Anapata joto, babu. Anarudi."

Mzee alinusa, akashusha sauti. "Miaka thelathini nipo humu, sijaona mwanafunzi anayemchemshia marehemu maji ya kuoga. Huyo si Osward, mjukuu wangu. Ni jini la ziwani. Halikuwa na jina, wewe ukalipatia. Likishiba joto litakwenda Bukoba kwa mama yake Osward, libishe hodi. Unadhani mama hatafungua?"

Jumatano ya sita, saa nane mchana, Prudencia aliandika jina moja tu, la kwake mwenyewe. Masele akafukiza ubani. Wakasubiri.

Maji yalipoa taratibu: tisini, themanini na tisa, themanini na nane. Harufu ikaisha. Kiti kikakauka.

"Limekwenda," Masele alisema, akamshika mkono. Akashtuka. "Mbona umepoa hivi?"

Meno ya Prudencia yalikuwa yakigongana. Mzee akamchomeka kipimajoto kwapani: thelathini na sita, thelathini na tano. Hata hapo Prudencia alipiga hesabu. Fungu la sita la joto lilitoka mwilini mwake, na joto lake likifika thelathini na nne fungu litakuwa limetimia, jini litaacha.

Likafika thelathini na nne. Jini halikuacha.

Mkono mkavu, wenye joto la mtu, ukambonyeza bega.

"Asante, Pru," ilisema sauti ya Osward. "Ngoja nikamsalimie mama."

Mlango ukafunguka.