Altaneta Iko Mezani

Mume wangu alikuwa akila chakula cha mchana huku trekta lake linanguruma pembeni. Hakuthubutu kulizima, kwa sababu akilizima haliwaki tena. Basi alikula amesimama, sahani mkononi, na akitaka maji alinipigia kelele. Mimi nami nilimjibu kwa kelele. Watu waliopita barabarani walidhani tunagombana. Siku nyingine hawakukosea.

Trekta letu ni la zamani. Rangi yake ya bluu imebaki chini ya kiti tu. Lakini linalima, na mume wangu analipenda. Madereva wa hapa wanamwita Profesa. Shule aliishia darasa la tano, lakini amewafundisha kazi madereva kumi na mmoja, na hatakuacha ulisahau hilo. Atakuhesabia wote kwa vidole vyake. Vidole vyake vikiisha, anaomba chako.

Msimu ule shida yetu ilikuwa umeme. Asubuhi Profesa anageuza ufunguo, stata ya kuwashia injini inasema "tik", basi. Hapo tunamwita jirani mwenye lori la mchanga. Anafunga kamba, analivuta trekta mpaka liwake. Profesa alinunua betri mpya. Nayo ikachoka baada ya siku nne.

Ndipo akafungua altaneta, akaipeleka kwa fundi wa mjini. Altaneta ni kile kifaa cha duara kilicho mbele ya injini. Mkanda unakizungusha, nacho kinairudishia betri umeme uliotumika. Fundi aliitengeneza. Kabla wiki haijaisha, tik. Profesa akaipeleka tena. Tik. Siku aliyokwenda kuichukua kwa mara ya tatu, alirudi nyumbani amefura kwa hasira.

"Yule fundi ni mwizi," aliniambia. "Anatoa vifaa vizuri, anaweka vibovu. Nimemwambia mbele ya wateja wake."

"Umemwita mtu mzima mwizi mbele ya watu?"

"Ndiyo! Mimi nikiifunga hapa naipima mwenyewe, inafanya kazi. Kesho yake imekufa. Wewe utasemaje?"

Mambo ya altaneta nilimwachia yeye.

Siku ile ile, Jumatatu, alikuja mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wakulima. Kikundi kina mashamba bondeni, na bonde lile mume wangu amelilima tangu vijana wetu wakiwa tumboni. Mwenyekiti ni mama asiyezunguka katika maneno.

"Profesa, mawingu umeyaona. Ijumaa saa moja asubuhi tunakungoja bondeni. Mwaka jana trekta lilitusimamia katikati ya shamba mara mbili. Likisimama tena, tutaita trekta la mjini. Na tukishaliita, tutabaki nalo."

"Mama, mimi nimelima bonde lile..."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kukwambia uso kwa uso."

Aliondoka. Mume wangu alibaki amekaa kwenye gurudumu, kofia ameishika mikononi. Nilimwonea huruma. Mtu akinyang'anywa bonde lile, hapa hatoitwa Profesa tena, ataitwa mzee yule mwenye trekta bovu.

Sasa nikwambie jambo la aibu kidogo. Fundi wa umeme tulikuwa naye ndani ya nyumba, na hakuna aliyemkumbuka.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuwa na miezi mitatu tu kwetu. Mwanangu anaendesha lori la masafa, kwa hiyo siku nyingi tunabaki naye mimi na mume wangu. Kabla ya kuolewa alifanya kazi kwenye karakana ya kusuka mota za pampu na za mashine za kusaga. Alipokuja kwetu alileta sanduku la nguo na sanduku la spana. La spana lilikuwa zito zaidi. Mume wangu alilibeba mwenyewe mpaka ndani akidhani ni masufuria, akawa anasifu kwamba tumepata mpishi. Redio yangu aliitengeneza wiki ya kwanza. Pampu ya jirani, wiki ya pili. Lakini trekta la baba mkwe si redio. Hakuligusa.

Jumanne asubuhi Profesa aliifunga ile altaneta aliyotoka nayo kwa fundi. Lori likavuta, trekta likawaka. Akafungua boneti, akachukua spana, na injini ikiwa inanguruma akavua waya wa betri. Cheche ikaruka. Injini ikaendelea.

"Mnaona?" alipaza sauti. "Betri haipo, na halizimi! Umeme unatoka kwenye altaneta!"

Mkwe wangu alikuwa anaanika nguo. Shati lilimponyoka mkononi likaanguka kwenye tope. Akanifuata jikoni mbio.

"Mama, baba hupima hivyo siku zote?"

"Kila akiifunga. Alifundishwa ujanani kwenye shamba la tajiri, na wanafunzi wake wote wanapima hivyo. Kwani vipi?"

"Anaiua, mama. Fundi anampa altaneta nzima, na baba anaiunguza hapa hapa uani."

Nilikaa kwenye kigoda. "Kwa hiyo mwizi..."

"Hakuna mwizi." Alikuwa anabana ncha ya khanga yake. "Lakini nitamwambiaje? Mimi bado mgeni hapa. Nimwambie baba mkwe hajui kazi aliyoifanya miaka thelathini?"

"Usipomwambia wewe, atakuja kuambiwa na bonde zima siku ya Ijumaa."

Alifikiri, akatabasamu kidogo. "Basi sitamwambia. Nitamwomba anishikie mita ya kupimia umeme."

Jioni ile aliitoa betri akaiweka kwenye chaja yake, ikachajiwa mpaka asubuhi. Jumatano baada ya chai alimfuata mume wangu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba unisaidie. Nataka kulipima trekta, nahitaji mtu wa kunisomea namba."

Mume wangu ana udhaifu mmoja: akiombwa asome kitu kwa sauti, hakatai. Alivaa miwani. Mimi nilijifanya nachagua mchele barazani, lakini sikumbuki kama nilitoa hata jiwe moja.

Mkwe wangu hakuanza na mita. Alivaa glavu kwanza, kwa sababu maji ya betri yanaunguza. Akasafisha vichwa vya betri kwa brashi, ule unga mweupe ukatoka. Akafuata waya wa hasi mpaka pale unapofungwa kwenye chuma cha trekta, akakwangua kutu, akakaza nati. Akabonyeza mkanda kwa kidole gumba.

"Unabonyea kiasi cha upana wa kidole. Mkanda ni mzima," alisema. "Ungelegea, ungeteleza, na altaneta isingezunguka vizuri. Sasa baba, nisomee."

Aliweka nyaya za mita kwenye betri. Mume wangu akasoma kwa sauti ya mahubiri: "Kumi na mbili nukta sita!"

"Hizo ni volti za betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa. Liwashe."

Trekta liliwaka mara moja kwa nguvu ya betri. Profesa akaiongezea injini mwendo kidogo, akarudi kwenye mita.

"Sasa?"

"Kumi na mbili nukta nne."

"Imepanda au imeshuka?"

Mume wangu aliivuta mita karibu na pua. "Imeshuka."

"Altaneta ikifanya kazi, namba inapanda. Inafika kumi na tatu na nusu, mpaka kumi na nne na nusu. Hii haituletei kitu."

"Si nilisema!" Mume wangu aliruka. "Yule mwizi!"

"Subiri, baba. Tulizime, tuitoe kabisa."

Wakalizima. Mkwe wangu akafungua waya wa hasi wa betri kwanza. Akaachanisha nyaya za altaneta, akalegeza mkanda, akaitoa. Waya mnene wa altaneta aliufunga vizuri kwa tepu, maana una umeme wa betri moja kwa moja, ukigusa chuma unawaka moto. Altaneta akaja kuiweka mezani kwangu pale barazani, juu ya kitambaa nilichodarizi kwa mkono. Nilimtazama. Akajifanya hanioni. Kisha akarudisha waya wa betri.

"Liwashe tena, baba. Nusu dakika tu, maana feni ya kupoza injini haina mkanda."

Mume wangu akageuza ufunguo. Injini ikanguruma kama kawaida.

"Baba, altaneta iko wapi?"

"Mezani."

"Na ungevua waya wa betri sasa hivi, injini ingezima?"

Mume wangu alitazama meza. Akatazama injini. Akatazama meza tena. Niliona midomo yake inacheza bila sauti. Akalizima trekta mwenyewe.

"Isingezima," alisema polepole. "Inaendeshwa na dizeli."

"Ndiyo, baba. Injini ya dizeli ya zamani kama hii ikishawaka haihitaji umeme. Kwa hiyo kile kipimo hakikwambii kitu. Altaneta ikiwa nzima, halizimi. Ikiwa imekufa, halizimi. Hata ikiwa mezani, halizimi."

"Lakini nilifundishwa..."

"Ulifundishwa wakati wa dainamo, kifaa cha zamani cha kuchajia betri, nacho kilivumilia. Altaneta ina dayodi ndani, vijipande vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Umeme wake unamezwa na betri. Ukiivua betri ghafla, umeme unakosa pa kwenda, unapanda juu sana, unaunguza dayodi. Na ile cheche nayo ni hatari. Betri hutoa hewa inayoweza kulipuka usoni pako."

Mume wangu alivua miwani. Akaifuta kwa shati, akaifuta tena, nami nikauacha mchele, maana namjua akiguswa palipo na jina lake. Mkwe wangu aliinamisha kichwa, akaanza kupanga spana ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Unaweza kuitengeneza?" mume wangu aliuliza hatimaye.

"Naweza. Nahitaji dayodi mpya. Yule fundi wa mjini anazo."

Hapo ndipo uso ulipomshuka. Lakini alichukua kofia yake, akasema, "Twende wote."

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na mkwe wangu. Karakana ilikuwa imejaa wateja. Mume wangu alisimama mlangoni, akavua kofia. "Nilikuita mwizi mbele ya watu," alisema. "Mbele ya watu nakuomba radhi. Altaneta nilikuwa naiunguza mwenyewe."

Fundi alimpa mkono. Kisha akacheka akatikisa kichwa. "Afadhali ingekuwa wewe peke yako, Profesa! Wanafunzi wako wananiletea altaneta kila mwezi. Zote zimekufa kifo kimoja."

Mume wangu alirudi akiwahesabu wanafunzi wake kwa vidole, safari hii bila kujisifu. Alhamisi mkwe wangu alilehemu dayodi, akaifunga altaneta, akakaza mkanda. Profesa alishika mita. Alipolisoma lile "kumi na nne nukta moja", jirani mwenye lori alitoka nje kuuliza kuna nini. Wakawasha taa zote za trekta: kumi na tatu nukta tisa. Bado nzuri. Nilipika haraka ili nipate nafasi ya kutazama tena.

Chakula kilipoisha, mume wangu alichukua simu. Akampigia dereva mmoja, kisha mwingine, mpaka akawamaliza wote kumi na mmoja. "Kesho mchana njooni bondeni," alimwambia kila mmoja. Hakusema kwa nini.

Ijumaa saa moja kamili tulikuwa bondeni. Plau ilizama, udongo ukapinduka, na akina mama wakafuata nyuma wakiokota mizizi. Saa saba mchana mume wangu alisimamisha trekta katikati kabisa ya shamba. Akalizima.

Mwenyekiti aliweka mikono kiunoni. Mume wangu akashuka, akakaa chini kama mtu mwenye heshima zake, akala mpaka akamaliza. Akanawa. Akapanda, akageuza ufunguo. Liliwaka kabla sijameza mate. Akina mama wakapiga vigelegele, na mwenyekiti alipiga cha kwake kirefu kuliko vyote. Halafu mume wangu akalizima tena, kwa makusudi, na kuwaita madereva. Walikuwa wamefika tisa.

"Ninyi niliwafundisha kuvua waya wa betri injini ikiwaka," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Niliwafundisha makosa. Tumeua altaneta nyingi kwa mikono yetu, na lawama tumempa fundi asiye na hatia. Kuanzia leo, dereva wangu akiuvua waya ule, si dereva wangu tena."

Walitazamana. Mmoja akauliza, "Sasa Profesa, tutapimaje?"

"Mwulizeni aliyenifundisha mimi." Akamwonyesha mkwe wangu kwa mkono wote. "Njoo, fundi."

Alikwenda. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ndogo, kisha ikapata nguvu. "Geuzeni ufunguo kabla ya kuwasha. Taa nyekundu ya betri lazima iwake. Isipowaka, angalieni balbu yake, kwa sababu altaneta nyingi zinahitaji taa ile ili zianze kazi. Injini ikiwaka, taa lazima izime. Tazameni mkanda. Safisheni vichwa vya betri, kazeni nyaya, injini ikiwa imezimwa. Halafu pimeni kwa mita. Namba isipopanda, altaneta haichaji. Ikipita kumi na tano, inazidisha na itaipika betri. Ukifungua betri, anza na hasi. Ukiifunga, hasi iwe ya mwisho."

Wanaume tisa wenye mabega mapana walimzunguka. Mmoja aliandika kwenye kiganja. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yao, akinyanyua shingo ili asipitwe na neno. Nimeishi naye miaka thelathini na minne, na sijawahi kujivunia kuwa mke wake kama saa ile.

Mwenyekiti alinisogelea. "Tutaonana msimu ujao," alisema. Kisha akanyoosha kidole kwenye lile kundi la madereva. "Lakini huyu binti ni wa nani?"

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu alikuwa amegeuka.

"Wetu," alisema.