Kilo za Luciana

Jumamosi ile upepo wa Julai ulikuwa umeamka na ubaya wake, ule upepo wa Sumbawanga unaomfanya mtu avae masweta mawili na bado alalamike. Soko lilikuwa limefurika. Katikati ya magunia ya ulezi na matoroli akatokea Luciana juu ya baiskeli ya gia, buti nyekundu miguuni, kitenge cha kijani juu ya suruali, na nyuma kwenye keria kiboksi cha barafu chenye chanjo ya kuku. Alikuwa afisa mifugo, binti wa wakulima wa Kaengesa, na mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyechelewa tangu azaliwe.

Toroli likakata njia. Akabana breki ya mbele. Usukani ukanasa, ukagoma kugeuka, na Luciana akaenda moja kwa moja kwenye meza ya vitunguu ya mama mmoja.

"Weee! Vitunguu vyangu!"

"Shikamoo mama! Nisamehe mama!" Luciana alisema hukohuko chini.

Kijana mrefu mwenye ovaroli iliyojaa grisi akaja mbio, akainama, akainua baiskeli.

"Kaka, hivi huoni mtu hapa chini? Unaokota chuma kwanza?"

"Wewe umeshaamkia watu, kwa hiyo mzima," alijibu, akimpa mkono. "Hii haiwezi kujisemea. Pole sana, dada. Naitwa Bundala, fundi baiskeli. Kibanda changu kile pale."

Luciana alitaka kukasirika, akashindwa. Kijana alikuwa na mwanya, tena alikuwa anaokota vitunguu vya watu kimoja kimoja na kuvifuta vumbi. Hebu niambie, mtu wa namna hiyo utamkasirikiaje?

Kibandani, Bundala alibana breki ya mbele, akaisukuma baiskeli mbele na nyuma. Ko, ko, ko.

"Unasikia? Shingo imekufa. Ukisikia mlio huu siku yoyote, shuka, utembee kwa miguu."

Akaifungua pale usukani unapoingilia kwenye fremu. Gololi zilizotoka zilikuwa nyekundu kwa kutu, nyingine zimepasuka nusu. Akaukandamiza uma wa mbele, ule wenye springi za kunesa. Haukunesa hata kidogo.

"Na milimani unateremka na hii?"

"Kila wiki. Bondeni Rukwa kuna kuku, na kuku hawapandi mlima kuja kuchanjwa."

Bundala akazitazama zile gololi kiganjani, kisha akamtazama yeye. "Mungu anakupenda, daktari wa kuku. Anakupenda kwelikweli."

Akazirudisha na grisi nyingi ili Luciana aweze kuzungukia mjini tu, akaahidi kuagiza Mbeya uma mwingine na beringi za kisasa, zile zilizofunikwa zisizoingiza vumbi wala maji. Luciana akakubali kwenda bondeni kwa gari la abiria mpaka vifaa vije. Akaondoka akiwa na namba ya simu ya fundi, na fundi akabaki na yake.

Basi simu zikaanza. Ya kwanza ilikuwa ya kipimo cha shingo. Ya pili ilikuwa ya kuuliza kama ya kwanza ilieleweka. Kufikia ya kumi, habari za baiskeli zilikuwa zimekwisha kabisa.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula ugali wa ulezi. Wewe?"

"Mimi nakusubiri uniambie umekula, ndipo nishibe."

"Toka hapa! Wasukuma na maneno!"

"Wasukuma tuna ng'ombe. Maneno tumejifunza kwenu Wafipa."

Luciana alicheka mpaka mwenzake wa ofisini, Coleta, akampokonya simu ili asikie ni nani anayemharibia kazi. Wiki mbili zikapita hivyo. Siku moja Bundala akamwambia waziwazi, bila utani, kwamba anampenda. Luciana akajibu kwamba na yeye anampenda, kisha akakata simu kwa aibu.

Sasa sikia kosa la Bundala. Vifaa vilifika Jumatano, na Luciana akaiacha baiskeli kibandani. Uma ulikuwa mzuri, mweusi unaong'aa, lakini beringi zilikuwa zimepungua milimita moja, ikabidi zibadilishwe. Za kipimo sahihi zingekuja na basi Ijumaa. Akaufunga uma mpya kwa muda, shingoni akaweka gololi zile za zamani ili baiskeli isimame tu, na nati ya juu akaikaza kwa vidole. Alitaka kuanza kurekebisha springi. Uma wa namna hiyo unapangwa kwa uzito wa mpandaji: ukiwa laini mno unagota, ukiwa mgumu mno unakutupa. Kwa hiyo ilimpasa ajue kilo za Luciana.

Mwanamke unayempenda unamuulizaje kilo? Bundala aliishika simu mara tatu, mara tatu akaiweka. Mwisho akamwita dada yake, Debora, ambaye kwa mwili alikuwa sawasawa na Luciana, akampakia juu ya baiskeli na mfuko wa unga nyuma badala ya kiboksi cha chanjo. Akashika usukani, akawa anamsukuma polepole mbele ya kibanda, akiinama kutazama springi inavyozama. Debora, aliyevaa gauni jekundu na wigi jipya, alikuwa anapiga kelele za furaha.

Na nani apite saa hiyo? Coleta.

"Shoga, kaa chini kwanza," alisema kwenye simu. "Baiskeli yako ina mtu mwingine juu. Mzuri, mwenye wigi. Na fundi wako anamsukuma kama bibi harusi."

Laiti Luciana angeuliza! Hakuuliza. Ijumaa mchana, Bundala akiwa stendi kupokea kifurushi chake, Luciana alifika kibandani na macho mekundu.

"Dada, hiyo bado haijakwisha," alisema Urbano, mchomelea vyuma wa jirani.

"Imekwisha, kaka yangu. Kila kitu kimekwisha."

Akaikokota mpaka nyumbani, akaifungia namba ya Bundala. Usiulize alilalaje.

Jumamosi asubuhi akafunga kiboksi chake kwenye keria, akashika barabara ya bondeni. Bundala naye alikuwa hajapata usingizi. Alikuwa amepiga mara arobaini bila kupata kitu. Mara alipoambiwa na Coleta habari ya msichana wa wigi, na kwamba Luciana ameshaondoka, alikimbilia kwa jirani. Akaazima simu ya Urbano.

"Haloo?"

"Luciana, ni mimi, usikate..."

Akakata. Ukaingia ujumbe: *Nichukie, ni haki yako. Lakini usiteremke mlima. Shingoni kuna gololi za zamani na nati haijakazwa. Nakuomba.*

"Muongo," Luciana alisema peke yake, akaendelea. Upepo ulimkausha machozi na yeye akaongeza mengine. Barabara ikafika ukingoni mwa Ufipa, pale nchi inapokatika ghafla na bonde lote linalala chini, na ziwa linang'aa kwa mbali. Mteremko ukaanza. Akagusa breki.

Ko.

Akagusa tena. Ko, ko. Usukani ukacheza mikononi mwake.

Luciana akashuka. Akabana breki, akaisukuma baiskeli mbele na nyuma kama alivyofundishwa, na shingo ikamjibu wazi. Chini yake kona ya kwanza ilikuwa haina ukingo, mawe tu na hewa. Akailaza baiskeli, akakaa kando ya barabara.

Nusu saa baadaye bodaboda ikaja inaunguruma na abiria wawili: Bundala na mfuko wa spana kifuani, na nyuma yake msichana mwenye wigi lililogeuzwa na upepo.

"Umemleta kabisa?" Luciana alisimama. "Bundala, huna hata haya?"

Yule msichana ndiye aliyetangulia kushuka. "Wifi, usinipige. Mimi ni Debora, dada yake. Mimi ni kilo zako tu."

"Nini?"

"Kilo zako! Aliogopa kukuuliza uzito, akanipima mimi na unga. Nimezungushwa kama gunia siku nzima, hata soda hakuninunulia!"

Luciana akamgeukia Bundala. Bundala alikuwa anatazama buti zake mwenyewe.

"Ungeniuliza tu," Luciana akasema taratibu.

"Na wewe ungeniuliza tu," Bundala akajibu.

Kisha Luciana akacheka, na katika kucheka akalia, na Bundala akamkumbatia pale pale na grisi yake yote. "Nisamehe," walisema kwa pamoja, hata yule wa bodaboda akageuka pembeni kwa adabu.

Bundala akatandika turubai chini. Akatoa gurudumu, akashusha uma, akazitoa gololi za kutu, akaingiza zile beringi mpya, moja juu, moja chini, akakaza nati kwa spana mpaka akaridhika. Akazungusha usukani kwa kidole kimoja; ukageuka kimya, laini, bila kunasa popote. Akapanda yeye kwanza, akateremka mpaka kona ya pili, akarudi akiikokota, jasho linamtoka kwenye baridi.

"Sasa nenda," alisema. "Kuku wanasubiri."

Luciana hakwenda. Aliyatazama mawe ya ile kona, akafikiri ni wapi angekuwa saa hii. Kisha akafanya ambacho mama yake humfanyia mtu aliyemtendea jambo lisilolipika: alichuchumaa barabarani mbele ya Bundala, buti nyekundu, kitenge na vyote, akainamisha kichwa, akapiga makofi polepole kwa viganja vilivyokunjwa.

"Asante," alisema. "Asante kwa kunifuata."

Bundala alikuwa ameishi Ufipa miaka kumi na moja. Alijua ile ni shukrani gani. Hakujua mikono yake aiweke wapi, mwisho akachuchumaa na yeye.

"Luciana, nyumbani kwetu ng'ombe wapo. Niambie nianzie wapi."

"Anzia kwa mama, Kaengesa, Jumapili baada ya misa," alijibu, akijifuta machozi. "Shikamoo kwanza. Ng'ombe baadaye."

Debora akapiga kigelegele, kikashuka mlima chote mpaka bondeni.