Wanzuki wa Kipaimara

Alasiri ile kijiji cha Kigwa kilikuwa kama kimesinzia. Jua lilikuwa na rangi ya asali. Nyuki walivuma juu ya vikombe, na watoto walicheza polepole, kama wanaota.

Nyumbani kwa Ambrosi kulikuwa na sherehe. Asubuhi binti yake, Suzana, alipata kipaimara. Watu walikula wali na kuku. Wakanywa wanzuki, ile pombe ya asali tunayoipenda kupita kiasi huku Tabora. Sayi, jirani na rafiki wa Ambrosi, alikaa kivulini na soda yake. Alisikia nyimbo kwa mbali, ingawa waimbaji walikuwa karibu. Moyo wake ulikuwa umetulia.

Ghafla Ambrosi akainuka. "Suzana, panda pikipiki! Twende mjini bibi yako akuone na gauni lako."

Bibi alikuwa mgonjwa, hakuweza kuja. Suzana akakimbia, gauni jeupe likipepea. Ambrosi akatafuta tundu la ufunguo. Ufunguo ukagonga pembeni. Ukagonga tena. Usingizi ukamtoka Sayi.

"Ambrosi, umekunywa," alisema.

"Nimekunywa asali! Asali ni dawa, hata mgonjwa hupewa."

Wageni wakacheka na kukubali. Ndilo kosa letu watu wa nchi ya nyuki. Kitu kikiwa kitamu, tunadhani hakina meno.

Dafrosa, muuguzi wa zahanati, hakucheka. "Shemeji, asali ikitiwa maji ikachacha, ni pombe kamili. Macho yanachelewa kuona, na mkono unachelewa kushika breki."

"Basi nipeni kahawa. Nitanawa na uso."

"Kahawa itakufanya mlevi aliye macho. Maji yatakufanya mlevi aliyelowa," Dafrosa alisema. "Pombe huondolewa na ini, nalo halina haraka. Lala, mtakwenda kesho."

Ambrosi akakunja uso. Kumkataza mwenye nyumba mbele ya wageni wake si jambo dogo. Sayi aliogopa kumpoteza rafiki. Lakini alimwona Suzana ameshapanda. Mtoto alikuwa amefumba macho, anatabasamu, anasubiri upepo wa safari. Hapo Sayi aliogopa zaidi.

Ndipo akakumbuka. Yeye ni Msukuma, na Ambrosi ni Mnyamwezi. Ni watani! Mtani akikuchokoza, hukasiriki. Ukikasirika, umeshindwa. Sayi akaunyakua ufunguo, akautumbukiza kwenye ndoo ya asali mbichi iliyokuwa kando.

"Wewe Msukuma!" Ambrosi alifoka.

"Nisikilize, mpagazi wangu," Sayi alisema. "Babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, na mzigo haukuanguka. Wewe unataka kuuangusha wako njiani? Na mzigo wenyewe ni huyu mtoto!"

Ambrosi alimtazama Suzana. Kisha akacheka mpaka akatoa machozi. Kicheko kilikwisha, machozi yakaendelea.

"Mtani amenishinda," alisema. Akamshusha mtoto, akaenda kulala.

Kesho yake asubuhi Ambrosi aliamka na kichwa chepesi. Alitoa ufunguo kwenye asali, akauosha. Alivaa kofia ngumu, akamvalisha na Suzana, wakaondoka. Sayi alikaa kizingitini akiitazama barabara, hata walipokuwa wameshatoweka machoni. Hakuweza kufanya kazi yoyote.

Mwishowe simu ikalia.

"Mtani," Ambrosi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Pale kwenye kona ng'ombe walivuka ghafla. Nilishika breki, tukasimama. Pembe zilikuwa hapa, mbele ya uso wangu. Ingekuwa jana..." Akavuta pumzi. "Kuanzia leo, penye pombe nakupa ufunguo kabla sijashika kikombe. Na ukikataa kuupokea, sinywi."

"Nitaupokea," Sayi alisema.

Suzana akaichukua simu. "Shikamoo, baba mdogo. Tumefika. Bibi anasema nimependeza."

Sayi aliishusha simu kwanza, akafuta macho. Mtoto akadhani hakusikia, akarudia kwa sauti kubwa zaidi: "Shikamoo, baba mdogo!"

"Marahaba, mwanangu," Sayi alisema. "Marahaba. Marahaba."