Mtu wa Arobaini na Moja

Saa mbili asubuhi, kioo cha kompyuta ya langoni kilionyesha watu arobaini na mmoja ndani ya kiwanda. Bangili zilizotolewa zilikuwa arobaini.

"Fundi," mlinzi alisema, "mashine yako leo imehesabu mpaka vidole vya miguu."

Fundi mtandao hakucheka. Kila mfanyakazi wa kiwanda kile cha nguo alivaa bangili iliyopima mapigo ya moyo wake na kumtambulisha kwa milango bila waya. Alipokaribia mlango, bangili ilibisha: "Hodi." Mlango ulitafuta jina lake kwenye orodha, ukaitika "Karibu," ukafunguka. Maneno hayo aliyachagua mke wa fundi, msimamizi wa ushonaji, na sauti ilikuwa yake. Alikuwa amefariki miezi minane iliyopita. Wiki ya maziko, fundi alifungua orodha ili alifute jina lake, akakaa akilitazama mpaka ofisi ikafungwa. Hakulifuta. Kila mwisho wa mwezi alijiambia, mwezi ujao.

Sasa jina lile lilikuwa na taa ya kijani. Mapigo: sifuri.

"Hodi," ilisikika kutoka korido ya stoo.

"Karibu."

Mlango ulifunguka. Hakupita mtu. Ilipita harufu ya nywele zilizoungua na udongo uliofukuliwa muda si mrefu.

"Wewe dada, hatuchezi hapa!" mlinzi alifoka, akidhani kuna mfanyakazi anayewatania, akaingia koridoni na rungu lake.

Fundi alimwona akisimama ghafla na kushika kifundo cha mkono. Bangili ilikuwa ikikaza. Ilipasua ngozi, ikafika kwenye mfupa, na mfupa ukalia kama kijiti kikavu. Kisha mkono ule ulivutwa na kitu kisichoonekana, na mlinzi, mtu mzima mwenye kilo tisini, aliburutwa kwa magoti mpaka chumba cha pasi, akiita mama yake, kichwa kikalazwa juu ya meza, na ile pasi kubwa ya mvuke ikashuka yenyewe, ikakaa, ikainuka, ikashuka tena.

Kwenye kioo, mapigo ya mlinzi yalikuwa sifuri. Ya marehemu yalikuwa sabini na mbili.

Mama mkwe wa fundi alitoka mbio chumba cha vifungo alikofanya kazi, sindano bado imechomekwa kwenye gauni kifuani. Kabla ya kuajiriwa alikuwa akipunga majini, na harufu ile aliijua.

"Nani amelikaribisha?" alinong'ona.

"Mimi, mama," fundi alisema. "Sikulifuta jina lake."

"Jina la mwanangu?"

"Ndiyo."

Mama mkwe alifumba macho kidogo. "Jini halivai maiti, baba. Linavaa kilichobaki wazi. Sisi tumezika mwili, wewe umeacha jina mlangoni kama kanzu kwenye msumari."

"Litoe basi!"

"Mimi sikulikaribisha. Aliyesema karibu ndiye anayesema toka. Lakini nisikilize vizuri: litatoka na jina hilo. Halitaliacha."

"Hodi," ilisikika, sasa karibu zaidi.

"Karibu."

Ulikuwa mlango wa chumba cha kukatia. Humo, nyuma ya kioo kinene, alikuwa binti wa fundi, mtoto wake wa pekee, mbele ya mashine ya kukata vitambaa. Mlango ulijifunga nyuma ya kile kilichoingia.

"Baba, bangili inanibana!" Kisha, kwa sauti ya chini, "Baba, kuna mtu ameniegemea mgongoni."

Fundi aliruka kwenye kompyuta ya langoni, akaligusa jina, akabonyeza Futa. Mashine iliagiza kama ilivyofundishwa: *Tamka jina unalolifuta.*

Alifungua kinywa, na spika zote za kiwanda zikaongea pamoja, kwa upole, kwa ile sauti iliyokuwa ikimwamsha kwa miaka ishirini na miwili: "Mume wangu. Umechoka. Niache nikae. Moyo wangu si huo unapiga?" Naye akatazama zile namba, sabini na mbili, sabini na tatu, sabini na mbili, na kwa pumzi tatu, ambazo hatawahi kujisamehe, hakusema kitu.

Mashine ya kukatia iliwaka. Mkono wa binti ulinyooshwa mezani kidogo kidogo huku yeye akiupiga, akiung'ata, akijaribu kujing'oa kutoka kwenye mkono wenyewe, na wembe ukapita kwenye kitambaa tabaka arobaini, ukapita kidole kidogo, ukapita cha pete, damu ikaruka mpaka kwenye kioo, na kilio chake hakikuwa tena neno lolote.

"Sema!" mama mkwe alimpiga kofi la uso. "Sema, mwanangu, mimi nimekuruhusu!"

Fundi alilitamka jina la mkewe. Alilitamka lote, pamoja na la baba yake.

Spika zilipiga yowe moja. Taa zilikatika, zikarudi. Bangili zote zilifunguka kwa mlio mmoja, zikaanguka sakafuni kama karanga zilizomwagwa. Mlango ulikuwa wazi. Binti alikuwa chini, mweupe kama karatasi, anapumua.

Walimfunga mkono kwa shati la fundi. Wanawake wa ushonaji waliita gari la wagonjwa, wengine wakamfunika mlinzi.

"Ningekufa," binti alisema, kichwa kwenye paja la bibi yake. "Bibi, sauti ile ilikuwa ya mama. Ya mama..." Akakunja uso. "Mama alikuwa anaitwa nani?"

Fundi alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Alizikumbuka nywele zake, kikohozi chake, kovu la goti. Pale palipokuwa na jina palikuwa na weupe.

Alimgeukia mama mkwe.

Bibi kizee alikuwa akichezesha midomo, akijaribu sauti moja baada ya nyingine, na machozi yanamtiririka.

"Nilimzaa mimi," alisema. "Nikampa jina mimi mwenyewe. Asubuhi, mvua inanyesha. Nikamwinua nikamwita..."

Akajaribu tena.