Namba Iliyovaa Hina

Kila asubuhi ya likizo ya Aprili, Nasteho alifika dukani kabla ya shangazi yake. Alifagia mlangoni, akapangusa vumbi kwenye printa, akafunua kompyuta mbili zilizofunikwa shuka, kisha akavuka barabara kununua kikombe cha maziwa ya ngamia kwa Arbia. Arbia alikuwa na kigoda, mitungi minne na mdomo usiopumzika.

Duka lilikuwa la Eeddo Bishara, dada ya babake. Hapo Garissa mjini, kadi ya harusi ni kwa Bishara, bango la kinyozi ni kwa Bishara, kibandiko cha chupa ya asali ni kwa Bishara. Na Nasteho, mwanafunzi wa Gredi ya Nane, alikuwa anafundishwa kazi ya herufi. Usidhani ni mchezo! Alijifunza kwamba herufi nyembamba humezwa na jua la saa sita, kwamba zikibanana sana mtu huona mstari mweusi tu, kwamba namba ya simu hukatwa vipande vifupi ili mtu aishike kichwani akitafuta simu yake mfukoni.

Halafu kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Kabla ya kuchapisha, nakala ya kwanza hubandikwa mlangoni, na Arbia huisoma akiwa palepale kwenye kigoda chake, ng'ambo ya barabara. Arbia alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, na macho yake hayakuwa na nguvu sana.

"Arbia akisoma, Garissa nzima itasoma," Eeddo alipenda kusema.

Nasteho hakuipenda sheria hiyo hata kidogo. Wiki iliyopita alikuwa amebandika kazi yake mbele ya rafiki yake Hani, na Arbia akapiga kelele barabara nzima isikie: "Naa Nasteho! Hizi ni herufi ama ni nywele hazijachanwa?" Hani alicheka mpaka akakaa chini. Nasteho, ambaye mikono yake ndiyo iliyowachora hina maharusi watatu wa ukoo wao, aliona uso unamchoma.

Jumanne hiyo, Mustafe wa kamati ya mafuriko aliingia dukani mbiombio, viatu vimejaa matope.

"Bishara yuko wapi?"

"Yuko mtaa wa Waberi, Adeer," Nasteho alimjibu kwa heshima, "anafunga bango la duka la dawa."

"Mto Tana unapanda, na mvua ya huko juu bado inanyesha. Nataka mabango thelathini leo jioni. Watu wahame kando ya mto. Atakayezingirwa na maji apige namba hii, tumpelekee boti." Akaandika namba kwenye karatasi. Mwisho wake ulikuwa tatu tatu.

Eeddo aliposikia kwa simu, alisema, "Nasteho, fanya wewe. Unaweza. Herufi nene, nyeusi, bila mapambo. Arbia asome kwanza."

Nasteho alikaa mbele ya kompyuta. Alianza na herufi nene, nyeusi. Zilionekana kama matofali. Bango lake la kwanza peke yake, liwe la matofali? Akafungua michoro yake ya hina. Akaongeza mkunjo mdogo hapa, jani moja pale, kila herufi ikapata mkia. Zile tatu zote mbili za mwisho alizizungushia vikonyo vilivyojikunja hadi karibu kugusana. Kwenye kioo cha kompyuta, lo, bango lilimeremeta kama mkono wa bibi harusi!

Alichungulia nje. Arbia alikuwa anabishana na mteja. Nasteho akamfikiria akipiga tena ile kelele yake. Simu ikalia.

"Arbia amesoma?" Eeddo aliuliza, upepo wa Waberi ukivuma nyuma ya sauti yake.

"Amesoma, Eeddo."

"Vizuri?"

"Vizuri kabisa."

Mabango thelathini yakachapishwa. Mustafe aliyabeba bila hata kuyatazama, akakimbia nayo.

Jumatano asubuhi Nasteho alikuwa ameshika ufagio aliposikia Arbia akipiga kelele. Safari hii haikuwa kelele ya mzaha.

"Wewe ni nani? Nimesema nataka boti! Boti!"

Nasteho alitoka mlangoni. Eeddo naye alikuwa ndiyo kwanza anafika. Arbia alikuwa amesimama, mtungi mmoja umeanguka, maziwa yanatiririka mchangani. Simu yake ilikuwa imewekwa sauti ya juu, na mwanamume mmoja alikuwa analalamika humo ndani.

"Mama, mimi niko Liboi! Nauza mbuzi! Tangu alfajiri watu wananipigia wanataka boti. Wewe ni wa saba! Wallahi, huku hata maji ya kuogelea bata hakuna!"

Arbia alikata simu. "Bishara, mama yangu yuko shambani kando ya mto. Amepanda juu ya kichuguu na mtoto wa dada yangu. Maji yamewazunguka. Nimepiga namba ya pale ukutani mara mbili, inaenda kwa muuza mbuzi!"

Nasteho alitazama bango lililobandikwa ukutani, nyuma ya mitungi. Alikuwa mlangoni mwa duka, hatua ishirini hivi. Na kutoka hapo, kwa mara ya kwanza, alisoma kazi yake kama alivyoisoma Arbia. Vile vikonyo vya hina vilikuwa vimezifunga zile tatu. Mwisho wa namba ulisomeka nane nane.

Hakuna aliyekuwa anamtazama. Eeddo tayari alikuwa anasema, "Pengine Mustafe alitupa namba isiyo sahihi."

Hapo ndipo ilipokuwa rahisi kunyamaza. Neno moja tu, "pengine", na lawama ingemwendea mtu mwingine. Lakini kulitafuta kosa la Mustafe kungechukua saa nzima, na kichuguu si kilima.

"Si Mustafe," Nasteho alisema. "Ni tatu, si nane. Mwisho ni tatu tatu. Arbia, piga tena, tafadhali. Tatu tatu!"

Arbia alibonyeza. Simu iliita mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Kamati ya mafuriko," sauti ikajibu.

Arbia alieleza shamba lilipo, akilia na kuongea kwa pamoja. Boti ikaahidiwa. Kisha Eeddo akageuka polepole.

"Uliniambia amesoma."

"Nilikudanganya, Eeddo. Niliogopa atanicheka."

Nasteho alingoja kukaripiwa. Eeddo alitazama saa. "Mabango thelathini yako mjini, na mto haujasimama. Utalia baadaye. Kaa kwenye kompyuta."

Wallahi, vidole vya Nasteho havijawahi kukimbia hivyo! Namba peke yake, kwenye ukanda mrefu wa karatasi. Herufi nene. Nyeusi juu ya njano. Nafasi pana kati ya vipande. Akachapisha mmoja, akaubandika mlangoni, akapaza sauti mwenyewe: "Arbia! Tafadhali soma!"

Arbia alifuta macho kwa shungi lake, akakodoa. Akaisoma namba yote, moja baada ya nyingine, hadi tatu ya mwisho.

"Chapisha," Eeddo akasema.

Walibeba gundi kwenye ndoo. Sokoni, karibu na daraja, msikitini, Waberi, kituo cha maji. Kila bango lilivishwa ukanda wake wa njano. Hani aliwakuta njiani, akashika ndoo bila kuuliza mengi. Kwenye bango la ishirini na sita, mzee mmoja alikuwa tayari amesimama na simu mkononi, anakunja uso mbele ya ile namba ya hina. Nasteho alibandika ukanda mbele ya macho yake, na mzee akaanza kubonyeza upya.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, bango la thelathini lilikuwa limekamilika. Walirudi wakamkuta Arbia amekaa kwenye kigoda, hasemi neno. Arbia asiyesema neno! Dakika zilipita kama zimefungwa kamba. Ndipo pikapu ya kamati ikasimama, na bibi kizee akashuka amelowa mpaka kiunoni, mtoto mgongoni, kuku kwapani.

"Hooyo!" Arbia alipiga kelele, na mtungi wa pili ukaanguka.

Jioni, Nasteho alivuka barabara kuomba msamaha. Arbia aliinua mtungi uliobaki na maziwa.

"Nywele zako leo umezichana," alisema, akiuonyeshea kidole ule ukanda wa njano, akamjazia kikombe.

Eeddo alimngoja mlangoni.

"Kuchora vibaya si dhambi, Nasteho. Hata mimi nimeharibu kazi nyingi, na Arbia amenicheka miaka minane. Kicheko chake kinauma dakika moja, kisha kazi inakuwa nzuri. Kosa lako lingeishia hapa mlangoni, kwenye karatasi moja. Ni ule uongo wako uliolibeba hadi kuta thelathini. Hina yako ni nzuri, itunze kwa kadi za harusi. Lakini mtu aliyezungukwa na maji hana nafasi ya kushangaa urembo. Anataka kusoma, na anataka kilichoandikwa kiwe kweli."

Kesho yake kulikuwa na kadi ya harusi ya kutengeneza, na safari hii mapambo yaliruhusiwa. Nasteho alipomaliza, alibandika nakala ya kwanza mlangoni, akavuta pumzi.

"Arbia! Njoo unicheke!"